Amri za Kuongoza Vyombo vya Vipimo kwa Kompyuta: Historia Yake hadi Tunduma

SCPI ni kanuni za kuandika amri ambazo kompyuta hutuma kwa chombo cha kupimia umeme ili chombo hicho kipime, kijibu au kibadili mpangilio wake bila mtu kugusa vitufe. Hutumika kwenye multimeta, osiloskopu, jenereta za mawimbi, vyanzo vya umeme vya maabara na vipokezi vya kupimia masafa ya redio. Zilitangazwa mwaka 1990, baada ya robo karne ya majaribio na mvutano kati ya watengenezaji, na hadi leo ndizo zinazotumika zaidi katika kazi hiyo. Katika Afrika Mashariki historia hiyo inaonekana vizuri mahali pawili: katika maabara za mbali za vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Makerere, na katika barabara kuu iendayo Zambia, ambako mkongo wa mawasiliano na mizani ya malori vimefikisha katika mji wa mpakani wa Tunduma utaratibu uleule wa kuuliza kipimo kwa waya.

Zamani kipimo kilisomwa kwa jicho. Fundi alizungusha swichi, akasubiri mshale utulie juu ya namba, akaandika daftarini. Vipimo kumi havikumchosha mtu. Taabu ilikuwa kiwandani, ambako kila redio na kila saketi ilihitaji kupimwa mara nyingi kabla ya kwenda sokoni. Vipimavolti vya tarakimu vilipoenea katika miaka ya 1960, namba ilikuwa tayari imo ndani ya chombo katika umbo la ishara za umeme, na kuipeleka kwenye mashine ya kuchapa au kwenye kompyuta kulionekana jambo jepesi. Halikuwa jepesi hata kidogo. Kila chombo kilikuja na plagi yake, volteji zake za ishara na mpangilio wake wa nyaya. Mhandisi aliyetaka kuunganisha vyombo vinne alilazimika kutengeneza saketi nne za kati, na mara nyingi saketi hizo zilimla muda kuliko upimaji wenyewe.

Kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilianza kutafuta dawa ya tatizo hilo mwaka 1965. Don Loughry alikuwa miongoni mwa wahandisi walioongoza kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakatoa HP-IB: kebo moja yenye plagi ya pini 24, inayoweza kuunganisha hadi vyombo 15, urefu wa kebo zote kwa jumla usizidi mita 20. Nyaya 16 ndizo zinazobeba ishara. Nane hupitisha data, tano husimamia zamu, na tatu ni za makabidhiano.

Hizo tatu za mwisho ndizo ubunifu mkubwa wa kazi nzima. Chombo kinachosema huinua ishara kwamba herufi ipo tayari, kisha hungoja. Hakitoi herufi inayofuata mpaka kila chombo kinachosikiliza kiwe kimethibitisha kwamba kimeipokea. Kwa njia hiyo mashine ya kuchapa ya polepole na kipimavolti cha haraka viliweza kukaa kwenye kebo moja bila herufi hata moja kupotea. Mwendo wa wote ulifuata ule wa mzito kuliko wenzake. Juu yao kilikaa kidhibiti, kwa kawaida kompyuta, kilichoamua nani aseme na nani asikilize.

Mwaka 1975 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliufanya mpango huo kuwa kiwango rasmi na kukipa namba 488. Ulaya ikatoa chake, IEC 625, chenye umeme uleule lakini plagi ya pini 25, jambo lililowalazimu mafundi wengi kutembea na viunganishi vya kubadilishia. Kwa kuwa jina la HP-IB lilikuwa mali ya kampuni moja, watengenezaji wengine wakaiita GPIB, na jina hilo ndilo lililobaki maabara. Hata kompyuta ya nyumbani ya Commodore PET, iliyotoka mwaka 1977, ilitumia nyaya hizo kuongea na diski zake.

Miaka hiyohiyo reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, kilometa 1,860. Ilifika Tunduma na kuvuka mpaka mwaka 1973, na shughuli za kawaida zikaanza mwaka 1976. Laini za simu za zama hizo, katika njia ndefu kama hiyo, zilipimwa kwa mkono. Fundi alikaa upande mmoja na kifaa chake cha kupimia ukinzani, akampigia mwenzake wa upande wa pili afunge saketi, akasoma mshale, akampigia tena aifungue. Amri ilikuwa ya mdomo, na usahihi wake ulitegemea mtu wa upande wa pili kuisikia sawasawa. Kwenye vitabu vya sheria vya Tanzania mwaka 1975 nao una nafasi yake katika habari hii, kwa kuwa ndio mwaka wa sheria iliyounda Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo baadaye lilikuja kutunza vipimo rejea vya taifa katika maabara yake ya ugezi, yaani ya kuhakiki vyombo vya kupimia, jijini Dar es Salaam.

Kiwango cha 488 kilikuwa na pengo moja kubwa. Kilieleza kwa ukamilifu jinsi ya kupeleka herufi kutoka chombo kimoja hadi kingine, lakini hakikusema herufi hizo zina maana gani. Kila kampuni ikajitungia lugha yake, na mara nyingine kila idara ndani ya kampuni moja. Multimeta ya HP 3478A ya miaka ya mwanzo ya 1980 iliamrishwa kwa mfuatano wa herufi na namba kama `F1RAN5T1`: F1 ikimaanisha volti za mkondo mnyoofu, RA ikimaanisha chombo kijichagulie kiwango, N5 ikidai usomaji wa tarakimu tano na nusu, na T1 ikikiacha kijianzishe chenyewe kila kipimo. Multimeta ya Fluke 8840A nayo ilitumia F1 kwa volti za mkondo mnyoofu. Hapo mtu angedhani amepata nafuu. Lakini kwa Fluke, `R0` ilimaanisha chombo kijichagulie kiwango chenyewe, na kwa HP 3478A `R0` hiyohiyo ilikifunga chombo kwenye kiwango cha volti 3. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya chombo kimoja, ikipelekwa kwa kingine, haikukataa kufanya kazi. Ilifanya kazi na kutoa majibu mabaya, na hilo ni baya zaidi.

Kampuni ya Tektronix ilikuwa imejaribu kuweka utaratibu ndani ya vyombo vyake yenyewe kwa kutumia maneno yanayosomeka badala ya herufi za siri, na mawazo yake yaliingia kwenye mapendekezo ya IEEE ya mwaka 1982. Mapendekezo hayamfungi mtu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1987 ndipo kiwango kipya, IEEE 488.2, kikaweka sheria za sentensi zenyewe: namba iandikwe vipi, amri mbili zitenganishwe kwa alama gani, jibu limalizike wapi, na chombo kifanye nini kikipokea kisichoeleweka. Kutoka 1975 hadi 1987 ni miaka kumi na miwili ya wahandisi kuandika upya programu zilezile, gharama ambayo ingeepukwa kama waliokaa mezani mara ya kwanza wangejadili maana pamoja na nyaya.

Kiwango cha 488.2 kilileta kanuni moja ya busara sana: msikilizaji awe mwepesi wa kusamehe, msemaji awe mkali kwa nafsi yake. Chombo kinatakiwa kupokea `10`, `10.0` na `1E1` kuwa namba moja, lakini kikijibu, kijibu kwa umbo moja lisilobadilika. Pia kilileta amri chache za wote, zinazoanza kwa alama ya nyota. `*RST` hurudisha chombo kwenye hali yake ya mwanzo. `*TST?` hukiagiza kijikague. `*OPC?` huuliza kama kazi iliyotangulia imekwisha. Inayojulikana kuliko zote ni `*IDN?`, ambayo huuliza chombo ni nani. Multimeta ya HP 34401A hujibu hivi:

`HEWLETT-PACKARD,34401A,0,10-5-2`

Sehemu ni nne na hutenganishwa kwa mkato: mtengenezaji, modeli, namba ya chombo, na toleo la programu za ndani. Sifuri iliyo nafasi ya tatu inaonyesha kwamba chombo hicho hakitoi namba yake kwa njia hii. Chombo cha kampuni nyingine kitajibu kwa mpangilio huohuo, na kwa sababu hiyo programu inaweza kuanza kwa kukagua ni nani waliopo kwenye kebo kabla ya kumwamuru yeyote.

Bado kulikuwa na kazi ya mwisho. Amri za nyota zilihusu mambo ya jumla tu. Namna ya kusema "pima volti" au "weka mawimbi ya kilohezi 5" iliachwa kwa kila kampuni. Hewlett-Packard ilitunga lugha ya vyombo vyake vyote na kuitoa mwaka 1989 kwa jina la TMSL. Washindani hawangekubali kwa urahisi kutumia lugha ya mwenzao, na Hewlett-Packard ililijua hilo. Basi mwaka 1990 kampuni tisa, zikiwemo Hewlett-Packard, Tektronix, Fluke, Philips, Keithley, National Instruments na Brüel & Kjær, ziliunda umoja wa kuimiliki kwa pamoja lugha iliyotokana na TMSL, zikaiita SCPI. Ni nadra kwa washindani wa soko moja kufikia makubaliano ya namna hiyo, na sababu ilikuwa ya kibiashara: wanunuzi wakubwa, hasa majeshi na viwanda vya ndege, walichoka kulipia programu upya kila walipobadilisha chombo.

Muundo wa SCPI ni wa mti. Kila shina lina matawi, na nukta mbili hutenganisha ngazi moja na inayofuata. Amri ya kuweka kiwango cha kupimia volti huandikwa hivi:

`SENSe:VOLTage:DC:RANGe 10`

Herufi kubwa zinaonyesha sehemu inayotosha. Chombo hukubali `VOLT` na hukubali `VOLTAGE`, lakini `VOLTA` huikataa, kwa sababu kanuni inaruhusu ufupisho mmoja tu au neno zima. Ufupisho wenyewe una sheria: herufi nne za mwanzo, isipokuwa ya nne ikiwa irabu, hapo zinabaki tatu. Ndiyo maana neno la mkondo hufupishwa `CURR` na neno la ukinzani hufupishwa `RES`. Alama ya kuuliza mwishoni hugeuza amri kuwa swali. Nukta mkato huunganisha amri mbili katika mstari mmoja, na mkato hutenganisha thamani.

Wazo lenye thamani kubwa katika SCPI, hata hivyo, haliko kwenye alama hizi. Liko kwenye amri ya `MEASure`. Mtumiaji akiandika `MEAS:VOLT:DC? 10,0.001` haelezi swichi zipi zigeuzwe. Anaeleza anachotarajia kukutana nacho, yaani volti kama 10 za mkondo mnyoofu, na hatua ndogo kabisa ya usomaji anayoitaka, yaani milivolti 1. Chombo chenyewe huchagua kiwango, muda wa kupima na mpangilio wa ndani, kisha hurudisha jibu la umbo kama `+9.98342100E+00`. Amri inaeleza ishara inayopimwa, si mashine inayoipima. Kwa hiyo multimeta ya miaka ya 1990 na ya leo zinaweza kuulizwa swali lilelile ingawa ndani yake hazifanani. Anayetaka udhibiti zaidi huigawa kazi hiyo: `CONFigure` kuandaa, `INITiate` kuanza, `FETCh?` kuchukua matokeo.

Makosa nayo yalipewa utaratibu. Chombo kinachopokea amri kisiyoifahamu hakinyamazi wala hakizimiki. Huweka namba ya kosa kwenye foleni, na kompyuta ikiuliza `SYST:ERR?` inaipata. Namba hasi ni za kiwango cha wote: -113 ni amri isiyojulikana, -222 ni thamani iliyo nje ya mipaka. Namba chanya ni za mtengenezaji. Sifuri ni salama. Mwalimu wa maabara anayewazoesha wanafunzi kuuliza foleni hiyo baada ya kila hatua anawaepusha na nusu ya matatizo ya kazi hii.

Umoja wa SCPI ulitoa marekebisho mwaka hadi mwaka, la mwisho likiwa la 1999. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi zake zilihamia kwa IVI Foundation, chombo cha watengenezaji kilichoundwa mwaka 1998 kushughulikia programu za kati, yaani zile zinazotafsiri kati ya programu ya mtumiaji na chombo.

Kwa kuwa amri za SCPI ni maandishi ya kawaida, hazikufungwa na kebo ya mita 20. Mwaka 1995 kiwango cha VXI-11 kiliweka njia ya kuzipitisha kwenye mtandao wa kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikapitishwa kwenye USB. Mwaka 2004 likaundwa kundi la LXI kwa ajili ya vyombo vyenye tundu la mtandao. Siku hizi vyombo vingi husikiliza amri moja kwa moja kwenye lango namba 5025. Kufikia hapo swali lilikuwa limebadilika. Kama amri inaweza kupita kwenye mtandao, mpimaji ana haja gani ya kuwa chumba kimoja na chombo?

Jibu la kwanza lenye uzito kwa Afrika Mashariki lilitoka kwenye elimu. Mwaka 1998 Jesús del Alamo, profesa wa chuo cha MIT karibu na Boston, aliunganisha na intaneti chombo cha HP 4155B, kinachopima tabia za transista na dayodi. Mwanafunzi alifungua ukurasa, akajaza volti za kuanzia na kuishia, akabonyeza; seva ikazigeuza kuwa amri, ikazituma kwa GPIB, na mchoro ukarudi. Chombo cha namna hiyo ni ghali mno kuwekwa mezani kwa kila kundi la wanafunzi, na hakihitaji zaidi ya sekunde chache kufanya kazi ya mtu mmoja. Kwa hiyo kimoja kiliweza kuhudumia darasa zima.

Kazi hiyo ilikua na kuwa mradi wa iLab. Katikati ya miaka ya 2000, kwa ufadhili wa Carnegie Corporation ya New York, vyuo vitatu vya Afrika vilijiunga: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Makerere cha Kampala, na Obafemi Awolowo cha Ile-Ife, Nigeria. Tofauti ya saa ilisaidia. Saa nne asubuhi Dar es Salaam ni saa nane au saa tisa usiku Boston, wakati ambao wanafunzi wa huko wengi wamelala na chombo hakina kazi.

Kikwazo kilikuwa njia. Kabla ya mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya baharini ya intaneti, na vyuo vilitegemea satelaiti. Satelaiti za mawasiliano za aina hiyo hukaa kilometa 35,786 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, na safari hizo nne peke yake zinamaliza karibu nusu sekunde hata kabla ya foleni za mtandao wa nchi kavu. Katika maabara yenye kebo ya mita 2, programu inaweza kuuliza vipimo mia moja, kimoja kimoja, bila mtu kuona kuchelewa. Kupitia satelaiti, maswali hayo mia moja yanataka karibu dakika nzima, na laini ikikatika katikati kazi yote imepotea. Tena upana wa laini uligawanywa na chuo kizima.

Wabunifu wa iLab walilitatua hilo kwa namna inayostahili kukumbukwa na kila anayeandika programu kwa mazingira yenye mtandao dhaifu. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuongea na chombo amri kwa amri. Alipanga jaribio zima kwenye kompyuta yake, likafungwa kuwa kifurushi kimoja cha maandishi, likatumwa mara moja na kuwekwa foleni. Mazungumzo marefu ya amri na majibu yalifanyika kwenye kebo fupi ya GPIB kando ya chombo, na matokeo yakarudi nayo mara moja. Majaribio yaliyohitaji mtu kugeuza kitu huku akitazama matokeo hayakuweza kufanywa hivyo. Kwa hayo, washirika wa Afrika walianza kujenga maabara zao wenyewe, na Makerere ilitumia kwa wingi ubao wa ELVIS wa National Instruments, wenye multimeta, osiloskopu na jenereta ya mawimbi kwa pamoja. Ubao huo haukuongozwa kwa sentensi za SCPI bali kwa programu za kati za mtengenezaji. Kilichopatikana ni kwamba wahandisi vijana wa Kampala hawakuwa tena wageni kwenye chombo cha watu. Waliandika maabara ambazo wengine walizitumia.

Hali ya njia ilibadilika haraka. Kebo ya SEACOM ilianza kuhudumia Dar es Salaam Julai 2009, ya EASSy ikafuata mwaka 2010, na wakati huohuo Serikali ikawa inajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na shirika la simu la TTCL. Mkongo huo wa nyuzi za mwanga ulifuata barabara kuu ya kusini-magharibi kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma, ambako unaungana na Zambia. Mkoa wa Songwe, ambao Tunduma imo ndani yake na makao yake yapo Vwawa, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, wakati nyuzi zimekwisha kupita.

Mkongo una vyombo vyake vya vipimo, na kimoja kinaonyesha vizuri faida ya amri za mbali. Ni kifaa cha OTDR, kinachotuma mpigo mfupi wa mwanga ndani ya uzi na kusikiliza mwanga unaorudi. Kila kiungio, kila mpindo mkali na kila mkato hubadilisha mwanga huo unaorudi, na muda uliotumika hutoa umbali. Ndani ya kioo cha uzi, kwenda na kurudi huchukua takriban mikrosekunde 10 kwa kila kilometa. Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni kilometa mia moja na ushei, basi mpigo unakwenda mpakani na kurejea kwa milisekunde moja hivi. Katapila la ujenzi wa barabara likikata uzi, na mwanga ukarudi baada ya mikrosekunde 700, mkato uko kilometa 70 kutoka Mbeya, maeneo ya Vwawa. OTDR nyingi hupokea amri za mtindo wa SCPI. Kifaa kikikaa rafuni kituoni na kikiagizwa na kompyuta kila baada ya muda kupima na kulinganisha na mchoro wa jana, kikosi cha matengenezo kinaondoka kikijua kinakwenda wapi badala ya kutafuta njia nzima.

Masafa ya redio ni suala jingine la mpakani. Tunduma na mji wa Nakonde wa upande wa Zambia zimeachana kwa hatua chache, na mawimbi hayatambui mpaka. Simu iliyo upande mmoja hunasa mnara wa upande wa pili. Usimamizi wa masafa upo mikononi mwa mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ambayo ofisi yake ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya. Vipokezi vya upimaji wa masafa vya watengenezaji wakubwa, Rohde & Schwarz miongoni mwao, huongozwa kwa SCPI, na kazi hiyo ya kufagia masafa kwa saa nyingi mfululizo haifanyiki kwa mkono.

Lakini chombo ambacho watu wengi zaidi wa Tunduma wamekutana nacho kikiongozwa na kompyuta ni mizani. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupita kwenye mizani ya Wakala wa Barabara, TANROADS, iliyopo Mpemba, kabla tu ya mji. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na trela zake pamoja, na mipaka yake kwa kila ekseli. Chini ya jukwaa la mizani ya kielektroniki kuna vihisi ambavyo ukinzani wake hubadilika kidogo vikikandamizwa. Kisomeo huigeuza volteji ndogo inayotokana na badiliko hilo kuwa kilo, na kompyuta ya karani hukiuliza kwa waya.

Lugha ya mizani si SCPI, ingawa ni ya ukoo mmoja. Seti inayofahamika ni ile ya kampuni ya Mettler Toledo, yenye amri za herufi chache. `SI` huomba uzito wa papo hapo, uwe umetulia au la. `S` huomba uzito uliotulia tu. `Z` hurudisha sifuri. Jibu la `SI` lina herufi inayoonyesha kama uzito umetulia au bado unacheza. Tofauti ya `S` na `SI` ni ndogo kwenye karatasi, lakini njiani ni fedha na haki ya mtu. Lori lenye mafuta au maji hutikisika kwa muda baada ya kusimama, na namba iliyochukuliwa mapema inaweza kumwonea dereva au kumwachia aliyezidisha. Programu ya mizani inayotoza watu faini inapaswa kuomba uzito uliotulia na kuhifadhi alama hiyo ya utulivu pamoja na namba.

Hakuna amri inayoweza kurekebisha chombo kinachodanganya. Usahihi wa mizani huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mnyororo wa vipimo vya umeme hupanda hadi maabara ya ugezi ya TBS. Katika kazi ya ugezi amri za kompyuta zina faida ya wazi, kwa sababu multimeta moja huhitaji kulinganishwa na chanzo rejea kwenye pointi nyingi za volti, mkondo na ukinzani, na mtu anayeandika kwa mkono huchoka. Hapo pia unaonekana upungufu wa makubaliano ya 1990. Kifaa cha ugezi cha Fluke 5520A hujibu `*IDN?` kama kiwango kinavyotaka, lakini volti 10 huombwa kwa `OUT 10 V`, na kuziruhusu zitoke ni `OPER`, maneno ya Fluke yenyewe, kampuni iliyokuwa miongoni mwa waasisi wa SCPI. Watengenezaji walikubaliana sintaksia, kila mmoja akabakiza msamiati wake kwa vifaa alivyoona ni vya pekee. Ndiyo maana programu za kati za IVI zilihitajika, na ndiyo maana hadi leo fundi hawezi kubadilisha osiloskopu moja kwa nyingine bila kufungua kitabu cha amri.

Upungufu wa pili ni wa usalama. SCPI ilibuniwa kwa kebo iliyomo ndani ya chumba kilichofungwa, kwa hiyo haimtaki anayeagiza ajitambulishe. Chombo kinachosikiliza kwenye lango 5025 humtii yeyote anayekifikia, na chanzo cha umeme kitawaka kwa `OUTP ON` bila kuuliza nani ameagiza. Kukiweka wazi kwenye intaneti ni uzembe. Kinapaswa kukaa nyuma ya seva inayotambua watumiaji wake, kama iLab ilivyofanya.

Kwa upande wa gharama mambo yamekuwa rahisi sana. Kampuni za China kama Rigol na Siglent zinauza osiloskopu na multimeta zinazopokea SCPI kwa bei ambayo chuo cha ufundi kinaweza kuimudu, na maktaba ya PyVISA ya lugha ya Python inatolewa bure. Songwe kuna kampasi ya Myunga ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wilayani Momba, na vijana wanaojifunza umeme na elektroniki katika mkoa huu watakutana na amri hizi kwenye mkongo, kwenye minara na kwenye mizani. Walimu wao waanze na chombo kimoja, kebo moja ya USB na swali la `*IDN?`. Kitabu kizima cha SCPI cha mwaka 1999 kipo kwenye tovuti ya IVI Foundation na kupakuliwa kwake hakulipiwi.